Je, Kitu Kilichotupwa ni cha Nani?



Mtoto wa darasa la pili akiambiwa afagie darasa, hukusanya vumbi na vipande vya karatasi, akavitia katika ungo mbovu, akaenda kuvimwaga nyuma ya ukuta. Akirudi humwambia mwalimu: "Nimemaliza." Lakini mwulize: "Taka sasa ziko wapi?" Atajibu bila kusita: "Nimezitupa." Kwake yeye kutupa ni kama jina la mahali, mahali ambapo vitu vikifika haviko tena. Na sisi wakubwa, tukijichunguza vema, twaona kwamba jibu letu halipiti lile la mtoto.

Nataka tuulizane swali moja tu, dogo kwa sura, lakini zito kwa maana: kitu nilichokitupa, je, bado ni changu? Ndiyo kusema, wajibu wangu juu ya kitu huisha wakati gani?

1. Kutoa na kutupa

Mambo ya mali twayajua sana. Mtu akiuza mtumbwi, mtumbwi si wake tena, kwa sababu mwingine ameupokea kwa hiari na kuutolea bei. Akimpa mpwawe jembe, mpwawe ndiye mwenye jembe tangu siku hiyo. Katika kuuza na katika kutoa wako watu wawili: mmoja aachilia, wa pili apokea. Wajibu hauanguki chini, bali wapita toka mkono hata mkono.

Lakini katika kutupa yuko mtu mmoja tu. Aachilia, wala haonekani apokeaye. Au tuseme kwa haki zaidi: apokeaye yuko, lakini hakuulizwa. Ni jirani ambaye upepo wampelekea vifuko vyeusi. Ni mvuvi avutaye wavu wake akakuta chupa badala ya samaki. Ni mtoto asiyezaliwa bado, atakayelima shamba lenye vipande vya vyuma na betri zilizooza. Basi kutupa ovyo ni kumpa mtu kitu bila kumwuliza, tena kitu ambacho sisi wenyewe tumekikataa.

Mtu akifanya hivyo mchana, mbele ya mlango wa jirani, kesi itafika kwa chifu kabla ya jua kutua. Akifanya hivyo mtoni, hapana asemaye neno. Tofauti ni nini? Ni hii tu: mlango wa jirani twauona, na yule ambaye mto wampelekea taka zetu hatumwoni.

2. Jaa la wazee lilikuwa na mwisho

Wako watakaosema: "Wazee wetu nao walitupa, wala hawakuugua kwa ajili hiyo." Ni kweli kwamba walitupa. Lakini tutazame walitupa nini. Maganda ya mihogo, majivu ya jikoni, magamba na miiba ya samaki, magunzi ya mahindi, kikapu kilichochakaa, vigae vya chungu. Vyote hivyo vilitoka katika udongo, na udongo ulivipokea. Baada ya mvua za mwaka mmoja au miwili, boga liliota lenyewe juu ya jaa, na mama akachuma majani yake akayapika. Hapo kweli mpokeaji alikuwako. Jaa la wazee lilikuwa na mwisho, na mwisho wake ulikuwa bustani.

Leo je? Samaki wakavu wafungwa katika kifuko cheusi, mafuta yauzwa katika chupa ya plastiki, na maji ya kunywa yatiwa katika kifuko kidogo ambacho mtu hukinyonya kwa dakika mbili akakiangusha njiani. Mfuko wa plastiki wa namna tuijuayo ulibuniwa nchini Sweden katika miaka ya 1960. Babu zetu katika ujana wao hawakuuona kamwe. Nao hauozi kama ganda la muhogo. Jua na maji huuvunjavunja uwe vipande vidogo, kisha vidogo zaidi, hata visionekane kwa macho. Wataalamu wamevikuta ndani ya samaki, na mwaka 2022 walitangaza kwamba wamevikuta hata katika damu ya binadamu. Betri za redio na tochi zina madini yenye sumu. Wavu wa nailoni ukiachwa ziwani huendelea kunasa samaki ambao hapana atakayewala.

Basi desturi ni ile ile, lakini kitu kimebadilika. Mkono watupa kwa wepesi ule ule wa bibi aliyetupa maganda, na kumbe unachokitupa sasa hakina wa kukipokea. Sisi si wabaya kuliko wazee wetu. Tumepewa vitu vipya bila kupewa desturi mpya, na kazi ya kuitafuta desturi hiyo imetuangukia sisi.

3. Wa juu na wa chini

Pweto imekaa mahali panapofundisha. Hapa ndipo ziwa la Mweru linapotoa maji yake, na mto Luvua unapoanza. Maji hayo yatoka wapi? Mengi yaletwa na mto Luapula, utokao katika ziwa la Bangweulu na vinamasi vyake nchini Zambia. Njiani Luapula hupokea mto Kafubu, nao Kafubu umekwisha kupokea mto Lubumbashi, ule ulioupa mji jina lake. Kwa hiyo mvua kubwa ikinyesha Lubumbashi na kuisafisha mifereji ya mji, maji yale hushika njia iletayo kwetu. Sisemi kwamba kila chupa iliyotupwa katika mji ule hufika Pweto. Safari ni ndefu, na nyingi hukwama katika matete. Nasema tu kwamba njia iko, na kwamba wao wako juu nasi tuko chini.

Na maji yakitutoka sisi, huenda wapi? Luvua hushuka kwa maporomoko hata kuungana na Lualaba karibu na Ankoro. Lualaba wapita Kongolo na Kindu hata kufika Kisangani, na kutoka huko waitwa mto Kongo. Huteremka Mbandaka, Kinshasa, Matadi na Boma, mwisho huingia katika bahari ya Atlantiki. Wote wakaao kando ya maji hayo wako chini yetu. Hivyo kila mtu ni wa chini kwa mmoja, na wa juu kwa mwingine. Twapenda sana kuwanung'unikia walio juu. Lakini kwa kinywa gani tutawashtaki, ikiwa mikono yetu yafanya yayo hayo kwa walio chini?

Tena ziwa lina ng'ambo, na ng'ambo ni Zambia. Mwezi wa Desemba 2000, vita vilipofika Pweto, watu kwa maelfu walikimbilia upande ule, wakapokewa. Waliotufungulia mlango siku ile hawastahili kupelekewa na upepo vifuko vyetu na nyavu zetu mbovu.

Swali la Injili latujia hapa bila kuitwa: jirani yangu ni nani? Zamani twafikiri ni yule ambaye moshi wa jiko lake twauona. Taka zatufundisha kwamba jirani ni yeyote ambaye tendo langu laweza kumfikia, hata kama sitamjua jina lake.

4. Miji nayo yatufundisha

Tuone sasa yaliyotokea mahali pengine, maana mfano mmoja wa kweli washinda maneno mengi.

Katika mji wa Bukavu nyumba nyingi zimejengwa juu ya vilima. Mvua ikinyesha, taka zateremka hata ziwa Kivu. Maji ya Kivu hutoka kwa mto Ruzizi, na karibu na mahali yanapotokea pana bwawa la umeme. Chupa na vifuko hujikusanya mbele ya bwawa hilo, vikaziba njia ya maji na kuharibu mitambo, na umeme ukakatika. Wafanyakazi huvitoa, mvua huvileta tena. Huenda aliyetupa chupa asubuhi akaketi gizani jioni, akiwalaumu wenye umeme, asijue kwamba yeye ni mmoja wa waliozima taa.

Mtu atasema: "Hiyo ni kwa sababu mjini hapakuwa na magari ya kutosha ya kuchukua taka." Haya, tuone mji wenye magari. Huko Kampala taka za mji zilipelekwa Kiteezi kwa miaka mingi, hata zikawa mlima. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima ule uliporomoka ukafunika nyumba zilizokuwa chini yake, na watu zaidi ya 30 walikufa. Taka zilikuwa za mji mzima, matajiri na maskini. Bali waliofunikwa ni wale waliokosa mahali pengine pa kukaa. Huko Nairobi jaa la Dandora lapokea taka za mji tangu miaka ya 1970, na watu hutafuta riziki yao juu yake, wakivuta moshi wake mchana na usiku.

Gari, basi, ni jambo jema, lakini gari nalo si jibu la swali letu. Gari huondoa taka mbele ya macho yangu, haliondoi duniani.

5. Masingizio matatu

Singizio la kwanza: "Taka zangu ni kidogo." Tufanye hesabu ya darasani. Nyumba itumiayo vifuko viwili tu kila siku, kwa mwaka itatupa vifuko 730. Nyumba mia zitatupa 73,000. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kimekwisha kujaa: Benki ya Dunia ilihesabu kwamba mwaka 2016 watu wote walitupa zaidi ya tani bilioni 2 za taka za mijini na majumbani, na kwamba tusipogeuka, mwaka 2050 zitakuwa karibu tani bilioni 3.4. Hakuna mtu mmoja aliyetupa mlima. Kila mmoja alitupa kidogo.

Singizio la pili: "Hiyo ni kazi ya serikali." Kwa sehemu ni kweli, na viongozi yawapasa kujibu juu ya mifereji iliyoziba na masoko yasiyo na mahali pa taka. Kwa amri ya tarehe 30 Desemba 2017 serikali ya Kongo ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na vifungio vya plastiki. Rwanda ilitangulia mwaka 2008, Kenya ikafuata mwaka 2017, Tanzania bara mwaka 2019. Lakini vifuko vingali vyaonekana katika masoko yetu. Kwa nini? Kwa sababu muuzaji bado akitoa, na mnunuzi bado anyoosha mkono. Sheria yaweza kufunga mpaka. Haiwezi kuketi katika kila lupango na kuangalia mama akienda sokoni amechukua nini.

Singizio la tatu lina nguvu kuliko yote: "Matajiri na viwanda hutupa zaidi kuliko sisi." Ni kweli, wala haifai kulificha neno hilo. Aliye na uwezo zaidi ana wajibu zaidi. Mwenye kiwanda auzaye kinywaji katika chupa isiyooza, akitia faida mfukoni na kutuachia sisi chupa, yeye naye ametupa, tena kabla yetu. Mimi nilikubali kununua kinywaji; sikuulizwa kama nakubali kuwaachia wajukuu wangu chupa. Kwa hiyo ni haki kumdai aichukue tena au atumie kitu kingine. Lakini dhambi ya mkubwa haijapata kuwa ruhusa kwa mdogo. Mwizi wa ng'ombe hamhalalishii kuku mwizi wa kuku.

Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alionya kwamba desturi ya kutupa vitu haikai katika vitu tu. Mtu aliyezoea kukitazama kila kitu kwa faida ya dakika hii, kesho huanza kuwatazama hivyo hivyo watu: mzee asiyeweza kulima tena, mgonjwa, mtoto asiye na mzazi. Moyo ni mmoja, na mazoea yake ni yale yale.

6. Yatupasayo kufanya

Sasa twaweza kujibu swali letu. Kitu kilichotupwa bado ni changu mpaka limetimia moja katika mambo haya matatu: ama udongo umekipokea kikawa udongo, ama mtu amekipokea kwa hiari yake kwa sababu kina faida kwake, ama kimewekwa mahali ambapo hakiwezi kumdhuru yeyote. Nje ya hayo matatu, kutupa ni kumtupia mwingine.

Kwa hiyo, kwanza, tupunguze kabla ya kununua. Taka iliyo rahisi kuliko zote ni ile isiyoingia nyumbani. Mama achukue kikapu chake sokoni, na chupa yake ya mafuta aijaze tena. Samaki wafungwe katika majani ya migomba kama zamani. Kukataa kifuko si ushamba. Waswahili wasema: usiache mbachao kwa msala upitao. Kikapu ndicho mbachao wetu.

Pili, tutenge vinavyooza na visivyooza. Katika nchi zilizo maskini zaidi ya nusu ya taka zote ni mabaki ya chakula na majani. Maana yake, zaidi ya nusu ya jaa ni chakula cha bustani. Chagua mahali penye kivuli. Weka tabaka la majani makavu, kisha tabaka la maganda mabichi, kisha udongo na majivu kidogo, rudia hivyo. Lundo liwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa, lisiwe tope. Lipindue kila baada ya wiki mbili ili hewa iingie, maana wadudu wadogo wafanyao kazi ile nao hupumua. Baada ya miezi mitatu au minne utakuta mbolea nyeusi, yenye harufu ya udongo wa msituni. Itie katika mboga na katika sombe, nawe utajua kwamba wajibu wako juu ya maganda yale umekwisha kwa heshima.

Tatu, tutafute mpokeaji wa kweli wa visivyooza. Bati kuukuu na pipa bovu fundi hufanya mbabula za kupikia kwa makala. Wavu uliochanika wazunguka bustani, kuku wasiingie. Hata wakubwa wa migodi wamejifunza jambo hilo. Lubumbashi tanuru lilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na mabaki yake yakarundikwa miaka na miaka, hata yakawa mlima mweusi karibu na mji. Watu waliuona ule mlima kuwa taka tupu. Lakini tangu mwanzo wa miaka ya 2000 kobalti ilianza kutolewa ndani yake. Taka nyingi ni mali ambayo bado haijapata mtu wa kuitambua.

Nne, kile kisicho na mpokeaji tukiweke mahali pasipo na madhara. Shimo lake liwe mbali na kisima na ufuo, juu ya mahali mafuriko yafikapo, tena lifunikwe. Plastiki isichomwe jikoni wala uani, kwa maana moshi wake una sumu, na watoto ndio walio karibu na moto. Betri zisitiwe katika mbolea wala mtoni. Ziwekwe katika kopo lililofungwa, mbali na watoto. Makopo yasiachwe wazi kukusanya maji na kulea mbu. Nasi watu wa ziwa, tukijuao kipindupindu, twafahamu gharama ya uchafu uingiao katika maji ya kunywa.

Tano, yaliyo makubwa kuliko nyumba moja tuyafanye pamoja. Neno salongo twalijua toka miaka ya Mobutu, na wengine hulikumbuka kwa uchungu kwa sababu lilikuwa la kulazimishwa. Basi tulifanye liwe letu: mtaa mmoja, mfereji mmoja, Jumamosi moja kwa mwezi. Na walimu wenzangu wawachukue watoto wafuate taka za shule toka darasani hata mwisho wake, waone kwa macho. Mtoto aliyeona mwisho wa kifuko hatasema tena "nimekitupa" kana kwamba amesema yote.

Yatupasa kukumbuka pia jambo dogo katika Injili ambalo wengi hulipita upesi. Bwana wetu alipokwisha kuwalisha watu elfu tano kwa mikate mitano, aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki, wakajaza vikapu kumi na viwili. Yeye aliyeweza kuizidisha mikate hakuvidharau vipande. Sisi ambao hatuwezi kuzidisha hata punje moja ya mahindi, twapata wapi haki ya kudharau?

Basi, wasomaji wapenzi, mvua za kwanza zikianza mwezi wa Oktoba au Novemba, zitasomba yote tuliyoyaacha nyuma ya kuta zetu na kuyapeleka kwa watu tusiowajua. Kabla hazijafika, kila nyumba itazame jaa lake na kukiuliza kila kitu kilichomo: nani amekubali kukupokea? Visivyo na jibu, tuvichukue tena mikononi mwetu. Bado ni vyetu.